Maktaba ya Umma, Saiba au Simu ya Mkononi: Kijana wa Nairobi Asomee Wapi?

Kijana wa Nairobi anayetaka kusoma, kujaza fomu ya chuo au kutafuta maarifa ana njia tatu zilizo karibu naye. Anaweza kupanda matatu hadi maktaba ya umma, anaweza kuingia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, iliyo mtaani kwao, au anaweza kubaki nyumbani na simu yenye bando. Wazazi wengi huisifu ya kwanza bila kuijua vizuri, na vijana wengi huitumia ya tatu bila kupiga hesabu ya kile inachowagharimu. Ya pili, ambayo imewafikisha wengi chuoni na kazini, huzungumzwa kana kwamba ni kibanda cha kutoa nakala za vitambulisho tu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya yule ambaye hajaamua, na unazipima njia hizo tatu kwa vigezo vilevile.

Ninaposema maktaba ya umma, nina maana ya mitandao miwili. Wa kwanza ni ule wa Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, KNLS, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965 na kuanza kazi mwaka 1967. Maktaba yake Kuu iko eneo la Community, Upper Hill, na miongoni mwa matawi yake jijini ni Buruburu na Kibera. Wa pili ni ule wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, yaani maktaba ya McMillan iliyo Mtaa wa Banda pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hiyo asishangae mtu akikuta tawi moja lina kompyuta zinazofanya kazi na jingine lina vumbi.

Vigezo vyenyewe

Nimevichagua vigezo vitano. Cha kwanza ni gharama kamili, yaani fedha zote zinazotoka mfukoni hadi kazi iishe, nauli na chakula cha mchana vikiwamo. Cha pili ni mahali penyewe, yaani meza, mwanga, umeme na utulivu, pamoja na saa za kufungua na kufunga, kwa kuwa meza iliyofungiwa mlango haimsaidii mtu. Cha tatu ni kile kinachopatikana kusomwa, cha nne ni mtu wa kukusaidia unapokwama, na cha tano ni usalama wa taarifa zako. Sikuweka kasi ya intaneti kama kigezo cha peke yake, kwa sababu hubadilika kutoka saa hadi saa katika njia zote tatu, na yeyote atakayekuahidi vingine anakuuzia kitu.

Gharama kamili

Gharama ya saiba ndiyo iliyo rahisi zaidi kuiona. Kwa miaka mingi bei iliyozoeleka katika mitaa ya Nairobi imekuwa shilingi moja kwa dakika, ingawa wapo wanaopunguza kwa mteja anayekaa muda mrefu. Kwa kazi fupi bei hiyo haina mpinzani, kwani fomu ya dakika 20 inagharimu shilingi 20, pesa ambazo hazitoshi hata nauli ya kwenda mjini. Kwa kusoma kwa kweli hali hugeuka. Saa tatu ni shilingi 180 kabla hujachapa ukurasa mmoja, na saa inayohesabu chini ya skrini humfanya msomaji kuwa na pupa. Badala ya kusoma aya na kuielewa, huinakili na kuikimbiza kwenye barua pepe yake ili akaisome baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi haifiki.

Simu inaficha gharama zake. Mabando ya saa moja au ya siku moja yanaonekana ya bei ndogo, lakini video ya somo ya saa moja, kwa ubora wa kati, hula takriban nusu GB, na bando la muda mfupi humalizika hata kama hukulitumia lote. Anayenunua mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, mwisho wa mwezi huwa ametoa fedha ambazo hangekubali kuzitoa kwa pamoja. Pia kuna bei ya simu yenyewe, ambayo wengi huilipia polepole kwa miezi mingi, na ya kioo kinachopasuka katikati ya muhula.

Maktaba nayo hutoza ada ndogo au haitozi kabisa, kulingana na tawi, umri wa msomaji na kama unataka kuazima vitabu au kuketi tu, kwa hiyo uliza mapema kabla ya kufunga safari. Gharama yake kubwa iko barabarani. Anayetoka Kayole au Githurai kwenda Upper Hill hushuka katikati ya jiji, kisha hupanda matatu nyingine au hupita kando ya Uhuru Park kwa miguu na kukipanda kilima. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na jioni hupanda tena. Mkazi wa Kaloleni, Makadara, Buruburu au Kibera hana mzigo huo, naye ndiye ambaye hesabu ya maktaba inamkubali kabisa. Kwa wengine kanuni yangu ni moja: kadiri kazi inavyokuwa ndefu, ndivyo maktaba inavyokuwa rahisi, kwa kuwa nauli hulipwa mara moja hata ukikaa kutwa.

Mahali na saa

Katika kigezo hiki ndipo maktaba za Nairobi zinapoeleweka vibaya zaidi. Ukifika mapema katika majuma yanayotangulia mitihani ya taifa au ya vyuo, utakuta vijana wamejipanga nje na mikoba mgongoni. Mlango ukifunguliwa huacha mikoba hiyo kwenye kaunta, hubaki na daftari, kalamu, simu na chaja, kisha huenda moja kwa moja kwenye meza zilizo karibu na ukuta. Wanakimbilia soketi. Kufikia saa nne asubuhi soketi zote huwa zimeshikwa, nyingine zikiwa na adapta inayogawa umeme kwa watu watatu wasiojuana, huku rafu za vitabu zilizo nyuma yao zikiwa hazijaguswa.

Wapo wanaolalamika kuhusu jambo hili, wakisema kwamba vijana wameigeuza maktaba kuwa ukumbi wa kuchaji simu. Mimi siungi mkono lawama hiyo. Kijana anayeishi na wazazi na ndugu wanne katika chumba kimoja huko Mathare au Mukuru, ambamo runinga, jiko na kitanda viko umbali wa mkono, hakosi kitabu, kwa kuwa madaftari yake anayo na simu pia anayo. Anachokosa ni meza isiyohitajika na mtu mwingine kwa saa sita mfululizo, na hakuna duka mtaani linalouza kitu hicho. Akiipata maktabani, maktaba imemhudumia sawasawa na ilivyomhudumia aliyeazima riwaya.

Tena nafasi hizo hazikuwa za kila mtu tangu mwanzo. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, mlowezi tajiri wa enzi ya ukoloni, na Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia hadi mwaka 1958. Leo waliojaa ndani yake ni watoto na wajukuu wa watu ambao enzi hizo hawangeweza kupita katikati ya wale simba wawili wa mawe walio mlangoni. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limekuwa likishirikiana na kaunti kuzifufua McMillan na matawi yake, na ukarabati wa Kaloleni na Makadara umewapa vijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, vyumba vya kusomea karibu na nyumbani, jambo ambalo kwa maoni yangu lina faida kubwa kuliko jengo lolote la fahari lililo mbali.

Hata hivyo maktaba ina kasoro zake, na ni za kweli. Hufungwa jioni mapema, wakati ambao kijana aliyeajiriwa ndipo anapotoka kazini, na mwisho wa juma saa zake hupungua. Msimu wa mitihani hujaa, na aliyechelewa hukosa kiti. Aidha, kanuni ya kimya, ambayo humfaa anayesoma peke yake, huwabana wanafunzi wanaotaka kujadiliana, kwani hesabu ngumu mara nyingi hueleweka kwa kubishana na mwenzako, na ubishi huo hauwezi kufanyika kwa kunong'ona.

Saiba hushinda kwa saa. Nyingi hubaki wazi hadi usiku, Jumapili zikiwamo, na ziko kila mtaa. Utulivu ndio haupo. Muziki wa duka la jirani, honi za bodaboda, na mteja aliyesimama nyuma yako akisubiri zamu huku macho yake yakiwa kwenye skrini yako, yote hayo ni sehemu ya huduma.

Simu haina saa ya kufungwa, na inakwenda nawe popote, lakini kelele yake iko ndani yake yenyewe. Ujumbe wa kikundi, video fupi na matangazo ya kamari hukufikia kwenye kifaa kilekile unachosomea, na nia njema peke yake haitoshi kuvizuia. Wanaofaulu kusoma kwa simu ni wale wanaoipakulia nyaraka kwanza, kisha wakazima data. Kwa upande wa umeme, simu yenye chaji kamili ina heri yake. Mwaka 2023, nchi ilipotumbukia gizani mwezi Agosti, kisha Novemba, kisha Desemba, saiba zisizo na jenereta zilifunga kazi, ilhali mwenye simu iliyojaa chaji aliendelea kwa saa chache, na mwenye kitabu cha karatasi aliendelea maadamu jua lilikuwa halijatua.

Kinachopatikana kusomwa

Kwa wingi, simu na saiba ziko mbele, kwani zote mbili hukufungulia intaneti ileile. Mambo mengi mazuri yaliyomo ni ya bure na halali, ila vijana wengi hawajaelezwa kuyahusu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ina Kenya Education Cloud kwa ajili ya masomo ya shule. Kenya Law huchapisha sheria za nchi na maamuzi ya mahakama, na mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza asiyeijua anajitaabisha bure. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, humruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma mtandaoni makala 100 za kitaaluma kila mwezi bila malipo. Project Gutenberg, mradi ulioanza mwaka 1971, una vitabu vya kale ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika.

Hadithi hubadilika unapotafuta kitabu cha Kenya. Riwaya, tamthilia na vitabu vya historia vilivyochapishwa Nairobi kwa sehemu kubwa havimo katika hazina hizo za bure, na kinachozunguka katika vikundi vya simu ni picha za kurasa zilizopigwa na mtu fulani kitandani. Ukizifungua utaona kidole gumba kimefunika mistari mitatu ya mwisho, ukurasa mmoja umerudiwa mara mbili, na ule unaofuata haupo. Mtahiniwa anayejifunza kitabu teule kwa njia hiyo atakutana na swali la mtihani kuhusu tukio ambalo hakulisoma, mbali na kwamba anamdhulumu mwandishi haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Kwa vitabu vya nyumbani, basi, maktaba haijapata mshindani. Huko utapata matoleo yaliyokwisha madukani, magazeti ya zamani na ripoti za serikali ambazo hakuna aliyezipiga picha. McMillan ina hifadhi ya magazeti ya tangu enzi ya ukoloni, na kijana anayetaka kujua mtaa wao ulijengwaje, na nani aliyehamishwa ili ujengwe, ana nafasi kubwa ya kupata jibu pale kuliko kwenye injini yoyote ya kutafutia. Mwandishi chipukizi naye ana shughuli na KNLS hata kama hasomi kitabu, kwa kuwa ndiyo inayotoa ISBN, yaani namba za utambulisho, kwa vitabu vinavyochapishwa nchini.

Udhaifu wa rafu za maktaba uko kwenye mambo yanayobadilika haraka. Kitabu cha kompyuta kilichonunuliwa miaka kumi iliyopita kinafundisha programu ambazo hazitumiki tena, na vitabu vya kiada vinavyotakiwa na kila mtu huwa ni nakala chache ambazo tayari ziko mikononi mwa mtu mwingine. Anayejifunza kuunda programu au kutengeneza video afadhali akae maktabani kwa ajili ya meza na umeme, huku masomo yenyewe akiyafuata mtandaoni.

Saiba kwa kawaida haina hazina ya kwake, isipokuwa jambo moja ambalo wanafunzi wa sekondari hulijua vizuri: baadhi ya wahudumu huhifadhi mitihani ya majaribio ya miaka iliyopita na kuichapa kwa bei ndogo.

Ikumbukwe pia kwamba intaneti yenyewe hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, Kenya, Tanzania na majirani zao walibaki na mtandao wa kukokota. Kwa aliyekuwa na mtihani juma lile, tofauti kati ya nyaraka zilizo kwenye simu na viungo vya nyaraka zilizo mtandaoni ilionekana dhahiri.

Mtu wa kukusaidia

Hapa saiba ina nguvu ambayo wasomi hupenda kuidharau. Mhudumu wa saiba amejaza maombi ya nafasi za vyuo kwa KUCCPS, ya mkopo wa masomo wa HELB, ya namba ya mlipakodi ya KRA na ya cheti cha mienendo mema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mara nyingi kiasi kwamba anajua ukurasa gani hugoma na kwa nini. Anajua kwamba picha yako imekataliwa kwa sababu ni kubwa mno, na ataipunguza kabla hujamaliza kueleza tatizo lako. Kwa kijana wa kwanza katika ukoo wao kuomba nafasi ya chuo, mtu huyo ana thamani kuliko kompyuta zote zilizomzunguka.

Tatizo ni kwamba anakufanyia badala ya kukufundisha. Unaondoka na risiti bila ujuzi, na mwaka unaofuata utarudi na kulipa tena. Kibaya zaidi, wapo wanaomfungulia mteja barua pepe mpya kwa haraka, wakaweka nywila wanayoijua wao, na kijana akatambua jambo hilo siku anapotafuta barua ya kuitwa chuoni na kukuta hawezi kuingia. Ukienda saiba, nenda na barua pepe yako uliyoifungua mwenyewe, na ukae kwenye kiti cha mbele huku mhudumu akikuelekeza kutoka pembeni.

Mkutubi amesomea kazi tofauti. Yeye anaweza kukuonyesha jinsi ya kutafuta, jinsi ya kutambua chanzo kinachoaminika, na rafu ambayo hukuifikiria. Katika tawi la Kibera, KNLS imewahi kuwafundisha watoto kwa kutumia tableti, na watoto hao huja na maswali ambayo wazazi wao hawawezi kuyajibu. Lakini msaada wa mkutubi haukufuati mezani. Vijana wengi hukaa mwaka mzima maktabani bila kumsemesha, ama kwa haya, ama kwa kumwona kama mlinzi wa kimya. Amkia, sema unachotafuta, utaje na kazi uliyopewa na mwalimu, na mara nyingi utashangaa.

Simu nayo ina video za walimu na programu za akili unde, ambazo hazichoki kuulizwa swali lilelile mara kumi na hazimcheki mtu. Kwa kueleza kanuni ya fizikia kwa namna tatu tofauti zinafaa sana. Kwa mambo ya hapa nyumbani, kama vile tarehe ya mwisho ya maombi, ada ya kozi fulani au kifungu cha sheria ya Kenya, hujibu kwa uhakika uleule ziwe sahihi au zisiwe, kwa hiyo jibu lolote la aina hiyo lazima lithibitishwe kwenye tovuti ya taasisi husika.

Anayetafuta mafunzo hasa, na si msaada wa siku moja, azijue pia programu za serikali: Ajira Digital, iliyoanza mwaka 2016 kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, na maabara za kompyuta za Jitume zilizowekwa katika vyuo vya ufundi. Sikuziingiza katika ulinganisho kama njia ya nne kwa sababu huendeshwa kwa ratiba na makundi, na si mahali pa kuingia wakati wowote na daftari lako.

Usalama wa taarifa zako

Fungua folda ya vipakuliwa katika kompyuta ya saiba yenye shughuli nyingi. Utakuta vitambulisho vya watu usiowajua vilivyoskaniwa pande zote mbili, vyeti vya kuzaliwa, barua za kazi, na pengine cheti cha ndoa, vyote vikiwa vimepangwa kwa tarehe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo, lakini sheria haifuti faili. Kabla ya kuinuka, toka katika kila akaunti uliyoingia, futa ulichopakua na umwage tupio. Kompyuta za maktaba nazo hutumiwa na wengi, kwa hiyo hatua ni zilezile, na kwenye Wi-Fi ya umma usifanye miamala ya benki. Simu yako ndiyo salama zaidi maadamu imefungwa kwa namba ya siri na iko mkononi mwako. Hatari yake ni dirisha la matatu lililo wazi kwenye foleni.

Kwa walio nje ya Nairobi

Vigezo hivi vinasafiri vizuri, ingawa majina hubadilika. Dar es Salaam, kwa mfano, ina Maktaba Kuu ya Taifa iliyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mnamo Desemba 9, 1967, nayo husimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nafasi ya saiba huko imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na stesheneri, ambako vijana huomba vyuo, huchapa kazi na kutoa nakala, na upande wa simu kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania yenye vitabu vya kiada. Kwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, na vitongoji vyake mambo ni tofauti kabisa, maana huko tangu mwaka 1996 KNLS imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia, na swali la kijana wa huko ni lini maktaba itafika kwake.

Kulingana na hali yako

Ikiwa wewe ni mtahiniwa unayeishi katika nyumba yenye watu wengi, na tawi la maktaba liko umbali wa kutembea, anza na maktaba, ufike kabla ya kufunguliwa, na uje na maji na chaja. Ikiwa tawi la karibu linahitaji matatu mbili, chagua siku mbili au tatu za juma kwa ajili ya masomo magumu, na siku nyingine usome nyumbani alfajiri kabla wengine hawajaamka.

Ikiwa una fomu moja ya kujaza na tarehe ya mwisho inakaribia, nenda saiba, tena asubuhi siku chache kabla, kwani usiku wa mwisho tovuti hulemewa na wahudumu huwa na foleni. Ukiwa tayari unajua njia, simu yako inatosha, ila hakikisha umehifadhi uthibitisho wa maombi.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu atahitaji zote tatu. Makala atazisoma kupitia maktaba ya chuo chake au akaunti yake ya JSTOR, magazeti na ripoti za zamani atazifuata McMillan au Maktaba Kuu, na saiba itamfaa siku ya kuchapa na kujalidi. Anayefanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa idadi ya kazi anazokamilisha asitegemee Wi-Fi ya maktaba peke yake, kwa kuwa ikizorota katikati ya kazi hasara ni yake. Bando lake mwenyewe, pamoja na meza ya maktaba, ni mpango unaomfaa zaidi.

Mwenye chumba chake, utulivu, na nidhamu ya kuzima data hana sababu kubwa ya kufunga safari kila siku. Aende maktabani anapohitaji kitabu cha Kenya ambacho hakiko mtandaoni, au anapogundua kwamba amekaa juma zima akitazama video za kujifunza bila kufanya zoezi hata moja. Dada au kaka mkubwa aliyeachiwa wadogo wakati wa likizo anaweza kwenda nao kwenye tawi lenye sehemu ya watoto, wao wakasome hadithi naye akafanye kazi yake meza ya pili.

Na kwa yeyote anayepanga kwenda McMillan au tawi jingine la zamani, apige simu au atazame ukurasa wa maktaba husika kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu majengo haya hufungwa kwa nyakati tofauti kwa ajili ya ukarabati, na nauli ya kwenda mjini hairudishwi.